Taita Taveta si Simba Peke Yao

Hotuba ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa wakazi wa wadi ya Mboghoni



Nimeombwa niseme machache kuhusu majarida ya utalii. Pengine mtauliza, yanamhusu nini mkulima wa ndizi wa Mboghoni? Yanamhusu, kwa sababu picha ikirudiwa mara nyingi, mwishowe huaminiwa hata na mwenye sura.

Chukueni mfano wa Tsavo. Mwaka 1898 simba wawili waliwaua wajenzi wa reli. John Henry Patterson, aliyewapiga risasi simba hao, alitoa kitabu mwaka 1907. Humo alitaja Wahindi 28 waliouawa. Kuhusu Waafrika alisema tu kwamba walikuwa wengi na hawakuwekewa rekodi rasmi. Simba hao wako Chicago, katika jumba la makumbusho la Field, na hadi leo waandishi wa safari wanawasimulia. Simba wana jina dunia nzima. Ndugu zetu waliokufa hata idadi yao haijulikani.

Mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, zinachukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti yetu. Tunazijivunia, na zinawapa vijana wetu kazi. Lakini msomaji akionyeshwa tembo wekundu na nyika tupu pekee, ataelewaje kilio cha mkulima ambaye tembo ameingia shambani usiku na kuangusha migomba? Na mtoto wetu akikua na picha hiyo hiyo, ataamini kwamba sifa ya Mkenya ni wanyama wake, wala si kazi ya mikono yake.

Tunayo mengi ya kusimulia: Mto Lumi unaomwaga maji yake Ziwa Jipe, Ziwa Chala, soko la Taveta, na kilima cha Salaita walipopigana Waingereza na Wajerumani Februari 1916.

Ombi langu ni hili. Mkipiga picha ya shamba au ziwa na kuiweka mtandaoni, andikeni jina la mahali na kazi inayofanyika hapo. Mwandishi akija, mpelekeni sokoni na kwenye mifereji, si mbugani tu. Nasi wa ofisi ya mawasiliano tuna wajibu uo huo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni hajui kwamba yupo?