Mzizi wa Mahindi na Ujumbe Upitao Ndani Yake
(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakulima wa Soy, Uasin Gishu)

Najua wengi mlitumaini kusikia habari za bei ya mahindi, lakini leo nimewaletea miche miwili tu, na nataka mwitazame chini badala ya juu.

Miche hii ni ya mbegu moja, nayo ilipandwa juma moja kwa mbolea ya aina moja. Huu wa kwanza una mizizi mirefu, myembamba na myeupe. Huu wa pili mizizi yake ni mifupi na minene, tena ncha zake zimekuwa kahawia kama vidole vilivyoungua. Mwenye shamba la mche wa pili aliniuliza, "Mbona nimetia mbolea sawasawa na jirani yangu, na mvua ilipokatika majuma mawili tu mahindi yangu yakasinyaa, yake yakasimama?" Swali lake ndilo lililonileta hapa.

Kwanza yafaa tujue mzizi huongozwa na nini. Chukua punje ya mahindi iliyochipua, uilaze ubavu juu ya kitambaa kibichi, uifunike usiku kucha. Asubuhi utaona mzizi umepinda kuelekea chini. Charles Darwin wa Uingereza na mwanawe Francis waliandika habari hizo mwaka 1880. Walikata ncha ndogo kabisa ya mzizi, nao mzizi ukaendelea kurefuka lakini haukujua tena chini ni wapi. Basi ncha huhisi, na sehemu iliyo juu yake ndiyo ipindayo. Bila shaka kuna ujumbe upitao kati yake.

Mjumbe huyo huitwa oksini, jina litokalo katika neno la Kiyunani lenye maana ya kukua. Ni homoni ya mmea. Frits Went wa Uholanzi alionyesha kazi yake kwa machipukizi ya shayiri katika miaka ya 1926 hadi 1928. Nyingi hutengenezwa katika majani machanga, kisha hushuka kupitia shina hadi mzizini, seli kwa seli, kwa mwendo wa kama sentimita 1 kwa saa. Ifikapo kwenye ncha hugawanywa na kurudi juu kidogo kwa njia ya nje, karibu na ngozi ya mzizi, mpaka mahali pale seli zinapojinyoosha. Hapo ndipo mzizi hurefuka.

Ajabu yake ni hii. Oksini huweza kuingia katika seli kwa urahisi, lakini ikiisha kuingia haiwezi kutoka ila kwa milango maalumu. Milango hiyo wataalamu waliiita PIN, kwa sababu mmea mmoja mdogo uliokosa mlango wa aina hiyo uliota shina tupu lililochongoka kama pini. Mmea ukiweka milango upande wa chini wa seli, oksini hushuka. Ukiihamishia ubavuni, oksini huenda ubavuni. Mzizi ukilazwa, chembe za wanga zilizo katika ncha huanguka upande wa chini, milango hugeuzwa kuifuata, na oksini hujaa upande huo. Na katika mzizi, tofauti na shina, oksini ikizidi huzuia kukua. Upande wa chini hupunguza mwendo, wa juu huendelea, na mzizi hupinda. Ikizidi ni hasara, ikipungua vilevile ni hasara.

Wale wanaolima ngano wameyaona haya kwa macho bila kujua. Dawa ya magugu iitwayo 2,4-D ni oksini ya kutengenezwa na watu. Magugu ya majani mapana huipokea, hujipindapinda, kisha hufa, ngano husalimika. (Upepo ukiipeleka kwenye maharagwe ya jirani, hiyo ni kesi ya kupelekwa kwa wazee.)

Sasa turudi kwenye mche wa pili. Udongo wetu mwekundu umeoshwa na mvua miaka mingi, na mashamba mengi ya Uasin Gishu yakipimwa huonekana yana uchachu, kipimo chake kikiwa chini ya 5.5, ambapo 7 ndiyo katikati. Mbolea ya DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka peke yake huuongeza uchachu huo. Udongo ukifika hapo, alumini, ambayo imo katika udongo wote bila kudhuru, huanza kuyeyuka. Mwaka 2000 wataalamu wa Hannover, Ujerumani, waliitia alumini kwenye mizizi ya mahindi, mahali padogo tu, milimita moja au mbili kutoka ncha. Mzizi ukaacha kurefuka mahali pengine, juu zaidi, ambapo alumini haikugusa! Walipopima waliona oksini irudiyo juu imepungua. Na walipotia oksini pale juu kwa mikono yao, mzizi ukaanza tena kurefuka kwa kiasi.

Basi, ndugu yetu hakuwa mvivu, wala mbegu haikuwa mbovu. Mbolea ilikuwapo na maji yalikuwapo chini, lakini mzizi haukuyafikia.

Dawa ya jambo hili ni chokaa ya kilimo, kama ile ichimbwayo Koru, Kaunti ya Kisumu. Itieni mapema kabla ya kupanda, mkaichanganye vizuri na udongo, kwa maana haishuki yenyewe upesi. Msiichanganye na mbolea katika ndoo moja, maana naitrojeni itapotea hewani. Kiasi chake hutegemea kipimo cha udongo wa shamba lako, si la jirani. Ziko pia aina za mahindi ambazo ncha za mizizi yake hutoa asidi ileile iliyomo katika ndimu, nayo huishika alumini isiingie. Kwa hiyo ulizeni habari za mbegu hizo kwa maofisa wa kilimo na katika Chuo Kikuu cha Eldoret, pale Chepkoilel.

Majuma matatu baada ya mahindi kuota, ng'oeni mche mmoja kwa jembe, taratibu, mkauoshe na kuutazama. Mche mmoja hautawapunguzia gunia. Hii yangu miwili naiacha juu ya meza. Atakaye aje aiguse.