Rimu ya Chuma au ya Aloi? Maneno Machache kwa Kamati za Magari

(Mazungumzo na madereva na wanakamati wa magari ya jamii, Chewele, Tana River)



Leo tumekutana kuzungumza juu ya rimu za gari. Najua wengine mnashangaa. Mmezoea kuitwa kwa mkutano wa maji, wa chanjo au wa mbegu. Mnasema moyoni, rimu ni jambo la dereva na fundi, kamati inaingiliaje? Nami nawajibu: inaingia, tena sana. Gari la jamii huku kwetu si la starehe. Ndilo linalompeleka mama mwenye uchungu hospitali ya Hola saa nane za usiku. Ndilo linalobeba chanjo ndani ya boksi la barafu mpaka manyatani, na unga wakati wa ukame. Injini ikiwa nzima, dereva akiwa hodari, dizeli ikiwa tele, rimu moja ikipasuka mmelala njiani. Na anayeamua rimu gani inunuliwe si fundi. Ni kamati, kwa maana kamati ndiyo yenye mfuko.

Basi swali ni hili: tununue rimu za chuma kama zile tulizozoea, ama hizi za aloi zinazong'aa, ambazo vijana huziita rimu za spoti?

Aloi ni kitu gani?

Chuma tunakijua. Rimu ya chuma ni vipande viwili vilivyokunjwa kwa mashine na kuchomelewa pamoja: pete ya nje inayoshika tairi, na sahani ya katikati yenye matundu ya boliti.

Neno aloi maana yake ni mchanganyiko wa madini. Kwa habari ya rimu, ni aluminiamu, ndugu yake sufuria ya jikoni, iliyochanganywa na silikoni na magnesiamu kidogo. Huyeyushwa, ikamiminwa katika kalibu. Nyingi baadaye hupikwa tena kwenye tanuru na kupozwa kwa kipimo maalum, ili zipate nguvu. Shikeni hilo neno la kupikwa kwa kipimo. Tutalirudia.

Si kitu kipya. Mwaka wa 1924 kampuni ya Bugatti ilileta gari lake la mashindano, Type 35, likiwa na magurudumu ya aluminiamu ya kumiminwa. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba chuma ni cha zamani na aloi ni maendeleo. Zote mbili zina umri. La kuuliza ni ipi inafaa wapi.

Tuipe aloi haki yake

Tusiwe watu wa kukataa kitu bila kukipima. Aluminiamu ya ukubwa uleule ina uzito kama thuluthi moja tu ya chuma. Rimu ya aloi hufanywa nene zaidi, kwa hiyo tofauti haifiki hapo, lakini mara nyingi bado ni nyepesi. Gurudumu jepesi hufuata barabara vizuri na kuipunguzia springi kazi. Aloi pia hupitisha joto la breki haraka kuliko chuma, na haili kutu nyekundu.

Mtu ataniuliza: mbona magari ya Safari Rally yanatumia aloi, nayo yanapita penye mawe kuliko sisi? Ni kweli. Mashindano hayo yalianza 1953, na mwaka wa 2021 yalirudi katika ubingwa wa dunia kule Naivasha. Magari yale yanatumia aloi. Lakini mtazame nyuma ya gari. Kuna kundi la mafundi linalosubiri, kuna magurudumu mapya yamepangwa, na rimu yenye shaka hutupwa jioni hiyohiyo. Sisi nyuma ya gari letu kuna nini? Kuna vumbi tu. Ndiyo maana hatuwezi kununua kwa kumwiga yule.

Rimu ikigongwa, kunatokea nini?

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Chuma kikipigwa kwa nguvu hujikunja. Aloi hukataa kujikunja, na ikishindwa hupasuka.

Fikirini njia zetu. Ukitoka barabara kuu kuingia vijijini unakuta udongo mweusi, ambao ukikauka una nyufa na mashimo kama mawe. Unakuta laga zenye mchanga, na magogo yaliyoletwa na maji. Mafuriko yakija, kama yale ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024 ambayo yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, maji yakishuka huacha mashimo ambayo jana hayakuwapo. Dereva anaona dimbwi, haoni shimo lililo chini yake.

Rimu ya chuma ikiingia shimo hilo, ukingo wake unalala. Tairi linapoteza upepo. Mnafunga spea, mnaendelea. Kesho fundi anatoa tairi, anaupiga ukingo kwa nyundo mpaka unakaa sawa, anarudisha tairi, anajaribu kwa maji ya sabuni. Kazi imekwisha, na pesa yake ni ya fundi wa hapahapa.

Rimu ya aloi ikiingia shimo lilelile, huenda ikasimama imara bila alama yoyote. Sitaki kusema uongo, mara nyingi hustahimili. Lakini ikizidiwa inakatika kipande au inapata ufa. Fundi wa jua kali akiipasha moto ili ainyooshe, ndipo lile neno la kupikwa kwa kipimo linaporudi. Moto wa fundi huharibu nguvu zilizopatikana kwenye tanuru. Rimu inaonekana nzuri, lakini mahali pale pamekuwa laini au dhaifu. Kuichomelea kunataka mashine ya gesi ya agoni na mtu aliyesomea aluminiamu, na hata hivyo kuchomelea nako ni moto: pembeni ya alama ile nguvu hupungua.

Tena kuna ufa mdogo usioonekana. Gari linatumia tairi lisilo na tyubu, na asubuhi dereva anakuta upepo umepungua. Anasema, "Ni mwiba wa mathenge." Nani atambishia? Tangu mti huo uletwe Bura miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni, miiba yake imetoboa matairi yetu bila hesabu. Basi anajaza upepo, anaondoka. Kumbe si mwiba, ni rimu, na ufa unakua kila siku. Kwa hiyo pancha isiyoonekana mwiba wake, itoeni rimu, ioshwe, itazamwe ndani na nje.

Chuma nacho si mtakatifu

Msiende nyumbani mkisema chuma hakiharibiki. Kinaliwa na kutu, hasa pale tairi linapokalia. Kikikunjwa na kunyooshwa mara nyingi kinachoka. Ufa ukionekana karibu na matundu ya boliti, au tundu likiwa limetanuka, rimu hiyo imekufa. Msiichomelee. Itupeni, au iwe tako la mti wa kufungia mbuzi.

Na kuna mambo mawili yanayoua watu. La kwanza, usichomelee wala kupasha moto rimu ambayo bado ina tairi, hata kama upepo umetolewa. Joto hufanya mpira utoe gesi ndani, na tairi linaweza kulipuka kama bomu. Tairi litolewe kabisa kwanza. La pili, zile rimu za zamani zenye pete ya kufungia, zinazotumia matairi ya 7.50 R16 na tyubu, pete yake isipokaa vizuri huruka wakati wa kujaza upepo, na ikimpiga mtu ni kifo. Anayejaza asiinamie rimu. Afanye ndani ya kizimba cha chuma, atumie mpira mrefu, asimame kando. Tena watoto wafukuzwe pale kwa fundi. Wanapenda kutazama.

Nati: ugonjwa usiotangazwa

Kamati nyingi hununua rimu na kusahau nati. Nati za rimu ya chuma kwa kawaida zina mdomo uliochongoka kama koni, na koni hiyo ndiyo inayoiweka rimu katikati. Rimu nyingi za aloi za Toyota hutumia nati za namna nyingine, zenye shingo ndefu na washa bapa. Mkifunga rimu ya chuma kwa nati ya washa bapa, itaonekana imekaza. Lakini haikukaa katikati, itacheza, na mwishowe gurudumu linatoka gari likienda.

Sasa fikirini gari lenye aloi nne na spea ya chuma. Usiku, pancha, mgonjwa ndani. Dereva anafunga spea kwa nati alizozitoa sasa hivi. Mnaona hatari? Spea ya namna tofauti lazima iwe na nati zake ndani ya mfuko, umefungwa pamoja na jeki na spana, na dereva na tanboi wote wajue.

Vilevile msinunue rimu kwa kuhesabu matundu tu. Land Cruiser za mfululizo wa 70 za zamani zilikuwa na boliti sita. Zile pikapu kubwa tangu mabadiliko ya 1999 zina tano. Land Rover Defender ya zamani nayo ina tano, lakini hazilingani: duara la boliti la Land Rover ni milimita 165.1, na la Land Cruiser hiyo ni 150. Chukueni rimu ya zamani mwende nayo dukani. Ipimwe na hiyo, si kwa macho.

Basi tufanye nini?

Ushauri wangu ni huu. Kamati inayonunua rimu kwa gari la kazi, inunue za chuma, za kiwanda, zenye ukubwa ulioandikwa katika kitabu cha gari. Si kwa sababu chuma ni bora kila mahali duniani, bali kwa sababu rimu inayotufaa ni ile inayoweza kutengenezwa pale inapoharibikia. Na mnapolinganisha bei hesabuni rimu tano, si nne, pamoja na nati zake na nauli ya kwenda kuzitafuta Garissa au Mombasa siku moja ikivunjika.

Lakini gari likija na aloi, tuseme ni la msaada, msizitupe. Mkiweza kubadilishana na seti nzima ya chuma zikiwa bado nzima, vizuri. Msipoweza, shikeni haya:

1. Kila mwezi magurudumu yatolewe, yaoshwe, yatazamwe nyufa. Tope lililokauka ndani litolewe, maana nalo huitetemesha gari.

2. Uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya waya. Aluminiamu na chuma vikikutana na maji na chumvi hushikana, na siku ya pancha gurudumu halitoki.

3. Nati zikazwe kwa kuvuka, moja huku na ya pili ng'ambo yake, si kwa kuzunguka. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena. Hili ni kwa chuma pia.

4. Mtu asiipashe moto rimu ya aloi. Ikikunjika sana au ikipasuka, inatolewa kazini.

5. Mkipunguza upepo ili kuvuka mchanga wa laga, mrudishe mara mnapofika pagumu. Tairi laini halilindi rimu, wala chuma wala aloi. Na matairi yenye tyubu msiyapunguze sana, maana tyubu huzunguka ndani na kukata valvu.

Mwisho, ndugu zangu, tusisahau dawa isiyouzwa dukani: mwendo. Hakuna rimu inayoshinda dereva wa mbio. Dereva akishuka kwanza akapima dimbwi kwa fimbo, msimcheke wala msimharakishe. Anawatunzia gari, na anamtunzia yule mama aliyelala nyuma.



Maswali ya kujadili katika kikundi

- Spea ya gari letu ni ya chuma au ya aloi? Nati zake ziko wapi leo?
- Rimu ikiharibika usiku huu, ni nani wa karibu anayeweza kuitengeneza, na kwa vifaa gani?
- Fundi wetu hutoa tairi kabla ya kuchomelea? Nani atazungumza naye?
- Kamati imeweka akiba kwa rimu na matairi, au hungoja mpaka gari lisimame?