Saa za Mfumaji Ziandikwe Daftarini
(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi za mikono za akina mama na biashara ya haki. Nitaanzia mbali, katika milima ya kaskazini ya Thailand, kwa kuwa yanayowakuta akina mama wa huko yanafanana na yanayowakuta wa kwetu.

Katika milima hiyo wanaishi Wakaren, Wahmong, Walahu, Waakha na makabila mengine. Mwanamke wa Kikaren hufuma akiwa ameketi chini. Upande mmoja wa mtande hufungwa nguzoni, na upande wa pili hushikwa na mkanda uliozunguka kiuno chake. Mwili wake ndio unaokaza nyuzi. Mwanamke wa Kihmong huchora nakshi kwa nta iliyoyeyushwa, hutumbukiza kitambaa katika nili, kisha hukichemsha ili nta itoke. Palipokuwa na nta hubaki peupe. Nyuzi za kitambaa hicho, zitokazo katika ganda la mmea, huziunga kwa vidole hata akiwa njiani kwenda shambani.

Ndugu Wanachama, hapo ndipo penye tatizo. Kazi ifanywayo njiani haihesabiwi, na isiyohesabiwa hailipwi. Mlanguzi hufikiria gharama ya nyuzi, huongeza kidogo, akaondoka na mzigo. Tena siku hizi vitambaa vilivyopigwa chapa kiwandani kwa nakshi za Kihmong huuzwa masokoni kwa bei ndogo. Mfumaji akishindana na mashine kwa urahisi wa bei, hana budi kushindwa.

Njia nyingine ipo. Mjini Chiang Mai, shirika liitwalo Thai Tribal Crafts, lililoanzishwa mwaka 1973, huuza kazi za makabila hayo kwa masharti ya biashara ya haki. Masharti ya namna hiyo yamewekwa katika kanuni 10 za Shirika la Biashara ya Haki Duniani, chombo kilichoanzishwa mwaka 1989. Kanuni mbili zatuhusu leo. Kwanza, malipo yakubaliwe kwa mazungumzo na mzalishaji mwenyewe. Pili, kwa kazi za mikono, mzalishaji akiomba, mnunuzi atangulize angalau nusu ya malipo bila riba.

Sasa turudi kwetu. Mama asukaye vikapu vya milulu Iringa, na mwenzake asokotaye nyuzi za mkonge kwa ajili ya viondo huko Machakos, nao hufanya kazi katikati ya kazi nyingine. Tuseme kikapu kimoja kimechukua saa 30 na malighafi ya shilingi 4,000, naye mlanguzi akatoa shilingi 10,000. Mama hudhani amepata faida ya shilingi 6,000. Hakupata faida, amelipwa shilingi 200 kwa saa. Bila hesabu hiyo hawezi kukataa, hasa ada ya shule inapodaiwa.

Kwa hiyo nawaomba Ndugu Makatibu mfanye mambo matatu. Kila kazi iandikwe daftarini: malighafi, saa, na bei iliyopatikana. Halmashauri isikubali oda kubwa bila malipo ya kutanguliza, ili mama asilazimike kukopa kwa mlanguzi yule yule anayemnunulia. Na kila bidhaa ibandikwe kipande cha karatasi chenye jina la chama na la aliyeitengeneza, mnunuzi apate kuitambua mbele ya ile ya kiwandani.

Sidai kwamba daftari peke yake litapandisha bei. Wanunuzi wa haki ni wachache, nao hutaka ubora na kutimiza ahadi ya siku. Lakini chama kisichojua gharama ya kazi yake hakiwezi hata kuanza mazungumzo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya kwanza ya mfumaji ni muda wake.