Simu ya Mkononi na Amana ya Siri za Watu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mkoa mbele ya wazee, vijana na akina mama wa Jumuiya)

Baada ya Tashahhud, Taawudh na Bismillah:



Nimepewa jukumu la kuzungumzia athari za teknolojia ya kisasa katika kazi na maisha yetu ya kila siku. Mada hii ni pana kama bahari, nami sina muda wala elimu ya kuivuka yote. Kwa hiyo nitazungumzia kifaa kimoja ambacho karibu kila mmoja wetu amekizima kabla ya kuingia humu, yaani simu ya mkononi; na katika simu nitashika jambo moja tu, nalo ni siri za watu tunazozibeba ndani yake.

Neema isiyokanushwa

Sisi si watu wa kuogopa uvumbuzi. Katika Sura At-Takwir, Kurani Tukufu ilitoa habari za zama ambazo maandishi yatatawanywa na watu wataunganishwa. Masihi Aliyeahidiwa a.s. alieleza kwamba mitambo ya chapa na vyombo vipya vya usafiri na mawasiliano vya zama zake vilikuwa ni kutimia kwa bishara hizo. Tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili iliyotolewa na Jumuiya yetu mjini Nairobi mwaka 1953 ilipita katika mtambo wa chapa. Na tangu mwaka 1994 televisheni yetu ya MTA imekuwa ikitufikishia hotuba za Khalifa kwa njia ya satelaiti.

Katika kazi pia neema ni dhahiri. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo, kijana aliyetaka kumtumia mama yake fedha kijijini alimkabidhi kondakta wa basi bahasha, kisha akabaki na wasiwasi siku tatu. Leo fedha hufika kabla hajamaliza kumsalimu mama yake. Mvuvi huuliza bei ya samaki kabla ya kufika pwani, na fundi huitwa kazini akiwa nyumbani kwake. Mwenye kuyakanusha haya anakosa shukrani. Lakini Sura At-Takathur inatukumbusha kwamba tutaulizwa juu ya kila neema, na simu haikutolewa katika hisabu hiyo.

Usiku ule wa Seyyidna Umar r.a.

Imesimuliwa kwamba usiku mmoja Seyyidna Umar r.a. alipokuwa akizunguka mitaa ya Madina kulinda raia, alisikia sauti ya maasi ndani ya nyumba. Akapanda ukuta, akaingia, akamkuta mtu katika dhambi na kumkemea. Yule mtu akamwambia asifanye haraka, kwani ikiwa yeye amemwasi Mwenyezi Mungu mara moja, Khalifa amemwasi mara tatu: amechunguza, na Mwenyezi Mungu amekataza kuchunguzana, ameruka ukuta, na Mwenyezi Mungu ameamrisha nyumba ziingiwe kwa milango yake, tena ameingia bila kuomba ruhusa wala kutoa salamu, na Mwenyezi Mungu ameamrisha yote mawili. Seyyidna Umar r.a. hakubisha. Alimwuliza kama atajirekebisha akisamehewa, na alipokubali, akamwacha na kutoka.

Ndugu zangu, fikirini jambo hili. Aliyeingia alikuwa mtawala mwadilifu, aliyekuwa ndani alikuwa mkosaji kweli, na bado nyumba yake ilikuwa na heshima. Amri hizo tatu zimo katika Sura Al-Hujurat, Al-Baqarah na An-Nur. Mtukufu Mtume s.a.w. naye alipomwona mtu akichungulia ndani ya nyumba yake kupitia tundu, alimkaripia vikali na kufundisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya macho. Leo tundu hilo limo mfukoni mwetu.

Mkopo unaoruka ukuta

Nitoe mfano mmoja mnaoufahamu. Mtu mwenye shida huweka katika simu yake programu ya mikopo, ile ambayo mitaani huitwa kausha damu. Programu huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina, ujumbe mfupi, picha na mahali alipo. Mwenye shida hasomi. Hubonyeza neno la kukubali, kwa sababu mtoto ni mgonjwa au mwenye nyumba yupo mlangoni. Hapo majina yote ya ndugu, majirani, mwajiri na imamu wake hunakiliwa. Mbali na ubaya wa riba, ambayo Kurani Tukufu imeiharamisha kwa maneno makali, siku ya malipo ikipita kidogo tu, watu hao wote hutumiwa ujumbe wa kumfedhehesha.

Uislamu pia umeamrisha mashahidi katika deni. Aya ndefu ya deni katika Sura Al-Baqarah inaagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo, tena inakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Lakini shahidi wa Kiislamu huitwa, akaja, akajua anashuhudia nini. Hawa waliomo katika simu hawakuitwa. Tena Sura hiyo hiyo inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo wengi hatulioni. Tunadhani siri ya simu ni mali ya mwenye simu. La! Namba yangu iliyomo katika simu yako ni amana yangu kwako. Picha ya mke wa rafiki yako, habari ya ugonjwa wa jirani aliyokuandikia usiku, vyote ni amana za watu. Unapobonyeza neno la kukubali, unafungua milango ya nyumba mia mbili, na wenye nyumba wamelala.

Kosa langu mwenyewe

Sitaki kuwalaumu wenye programu peke yao. Miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Isha, nilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ulikuwa na jina na picha ya ndugu mmoja wa msikiti wetu, ukisema kwamba ni tapeli aliyekimbia deni na kwamba mimi ni mdhamini wake. Sikupata kumdhamini mtu yeyote. Nilikasirika, na hasira yangu haikwenda kwa aliyetuma, ilikwenda kwa ndugu yangu. Nikampelekea mzee mwenzangu ujumbe ule, nikaongeza maneno matatu: "Kumbe ndivyo alivyo."

Ijumaa ilipofika, habari ilikuwa imeenea msikiti mzima. Yeye hakuja. Ijumaa ya pili hakuja. Ya tatu nilikwenda kwake. Kumbe alikopa kwa ajili ya matibabu ya mtoto. Nilipomwuliza kwa nini hakutueleza, aliniambia: "Mzee wangu, ujumbe ule ulikwenda kwa watu wengi wasionijua vizuri, hao sikuwaonea haya. Nimewaonea haya ninyi, mlionijua mkasadiki. Na tangu mtoto augue, ni nani kwenu aliyeniuliza hali?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, akanisamehe, na ameniruhusu niwasimulie bila kumtaja. Amerudi msikitini, lakini huswali safu ya nyuma na kuondoka mara baada ya salamu. Mtukufu Mtume s.a.w. amefundisha kwamba yatosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Mimi nilisimulia kwa kidole. Wale wenye mkopo waliruka ukuta, nami niliwashikia ngazi.

Sheria zipo, lakini hazitoshi

Serikali zetu hazikulala. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019, na mwaka 2023 kampuni ya mikopo ya simu ilitozwa faini huko kwa kuwasumbua watu kwa namba zilizochukuliwa katika simu za wengine. Tuzitumie sheria hizi na kuwapeleka wakosaji mbele ya vyombo husika. Hata hivyo hakuna tume inayoweza kuzuia kidole cha muumini kisitume siri ya mwenzake saa nne za usiku. Hapo mlinzi ni taqwa.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kuweka programu yoyote, tusome inaomba nini. Programu ya kukopesha haina haja na majina ya jamaa zako, na ikiyang'ang'ania, iache. Asiyejua kusoma maelezo hayo amwite kijana, na kijana amsaidie mzee wake bila kumcheka.

Pili, ujumbe wa aibu juu ya mtu ukikufikia, ufutie kwako. Anayesitiri aibu ya Mwislamu ameahidiwa kusitiriwa na Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama.

Tatu, tusichunguze simu za wenzetu majumbani, wala tusipige picha maongezi ya mtu na kuyapeleka katika makundi ya WhatsApp, wala tusieneze picha za wagonjwa na maiti. Hata nia njema haimpi mtu ruhusa ya kuruka ukuta.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuulizane hali kabla ya shida kufika katika simu. Kila msikiti uweke mfuko mdogo wa karadha njema, usio na riba, ukisimamiwa na watu wawili waaminifu wasiotaja majina ya wakopaji. Ndugu yetu asingeufungulia ukuta wake mgeni kama mlango wa msikiti ungekuwa wazi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wa amana za watu, atusamehe tuliyoyatuma bila kufikiri, na awarudishe safu za mbele wale tuliowasukuma nyuma. Amin.

Wa akhiru daawana anil hamdu lillahi Rabbil alamin.