Nani Atapanga Saa za Taa za Goba?

Njia nyingi za ndani za Goba, jijini Dar es Salaam, zinaangazwa na LUKU ya mwenye nyumba. Balbu ya getini, taa ya ukutani, mwanga wa kibanda cha miamala, basi. Aliyekuja huku akajenga kwenye kilima chake ndiye anayemmulikia mpita njia, na uniti zake zikikata, kipande kizima cha njia kinazama gizani pamoja na nyumba yake. Mtu huyu hajawahi kushukuriwa na serikali yoyote ya mji. Leo namshukuru mimi, kisha nizungumzie taa ambazo zingempunguzia mzigo huo.

Miji mingi duniani sasa inafunga taa za barabarani zinazoongozwa kwa mbali. Kazi yake haina muujiza. Taa ya kawaida huwa na kihisi cha mwanga: giza likiingia inawaka, kukipambazuka inazima. Kihisi kikiharibika, taa inawaka saa saba mchana na mnaiona. Taa ya kisasa inaongezewa kifaa cha mawasiliano kinachopeleka taarifa ofisini: nguzo namba fulani imewaka, inatumia umeme kiasi hiki, au balbu yake imekufa. Aliye ofisini anaweza kuiwasha, kuizima au kuipunguza mwanga bila mtu kupanda ngazi.

Kwenye bili ya umeme faida ni ya wazi. Huku karibu na ikweta usiku ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Taa ya sodiamu, ile yenye mwanga wa njano, ikiwa ya wati 150, inakula uniti 657 kwa mwaka. Ya LED ya wati 60 inakula kama 263. Ukiipunguza hiyo ya LED hadi nusu kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, inakula 208 tu. Kwa taa elfu moja, huko kupunguza peke yake kunaokoa karibu uniti elfu 55 kila mwaka.

Naomba tusimame hapohapo, kwenye saa sita hadi saa kumi na moja. Ratiba ya namna hiyo inaufaa mji ambao watu wake wamelala. Goba saa kumi alfajiri iko macho. Mchuuzi anawahi samaki Feri, mama ntilie anawahi kuwasha jiko, abiria wa mikoani ameburuta begi kuelekea stendi ya Magufuli pale Mbezi, na mtoto wa shule yuko njiani kabla foleni haijafunga. Anayepunguza mwanga saa hizo kwa kubonyeza kitufe akiwa mjini kati, anampunguzia mwanga mtu anayetembea kwa miguu kwenye mteremko wenye makorongo. Barabara kubwa ya magari punguzeni, gari lina taa zake. Njia ya waenda kwa miguu iachwe iwake mpaka jua litoke, hata kama uniti zitaongezeka. Hiyo ndiyo kauli yangu, na sioni sababu ya kuilainisha.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu hiyo taarifa ya balbu iliyokufa. Inamfikia nani? Goba ilikuwa Kinondoni, sasa iko Ubungo. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za wilaya ni za TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Umeme ni wa TANESCO. Mtaani kuna mwenyekiti na mtendaji. Mwananchi anayeona nguzo imezimika anazunguka kati ya milango hiyo, na kila mlango unamwelekeza kwa jirani yake. Mtambo wa kisasa hauondoi tatizo hilo. Unaweza kupeleka taarifa kila usiku kwenye kompyuta ambayo hakuna aliyekabidhiwa kuisoma.

Mji wa Detroit, Marekani, ulipotangaza kufilisika mwaka 2013, takriban asilimia 40 ya taa zake za barabarani zilikuwa haziwaki. Walichofanya ni kuunda chombo kimoja chenye kazi moja ya taa, na kufikia Desemba 2016 taa mpya za LED zipatazo 65,000 zilikuwa zinawaka. Walibadilisha hata nyaya, wakaacha shaba wakatumia aluminiamu, kwa sababu wezi walikuwa wakiing'oa shaba kuiuza kama chuma chakavu. Wizi huo tunaujua, na kwenye taa za sola kinachobebwa ni betri. Ndugu zangu wahandisi, anzeni na mwizi na fundi wa matengenezo, programu ya kompyuta ije baadaye.

Nayasema haya sasa kwa sababu mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, umeingia awamu ya pili. Awamu ya kwanza, iliyoanza mwaka 2015 kwa fedha za Benki ya Dunia, ilijenga barabara Kinondoni, Ilala na Temeke, nyingine zikiwa na taa. Awamu hii inagusa halmashauri zote tano za Dar es Salaam, Ubungo ikiwemo. Mkataba wa taa unaposainiwa, uandikwe siku ngapi zinaruhusiwa kupita kabla nguzo iliyozimika haijawaka tena, na mkandarasi anakatwa kiasi gani zikizidi. Kila nguzo iandikwe namba yake na simu ya kupiga. Mwenyekiti wa mtaa awe na uwezo wa kuona kwenye simu yake nguzo zipi zimezimika kwake. Na kabla ratiba ya kupunguza mwanga haijaingizwa kwenye mtambo, ipelekwe kwanza kwenye mkutano wa mtaa, isomwe kwa sauti, na wanaotoka nyumbani saa kumi alfajiri wapewe nafasi ya kwanza kusema.