Bei Dukani na Gharama Mlimani: Kuchagua Kamera na Kompyuta kwa Kazi za Morogoro na Uluguru



Mpiga picha anayepanga kununua vifaa huanza na swali la bei, na muuzaji humjibu kwa dakika moja. Mada hii inatetea swali jingine, gumu zaidi: kazi moja iliyokamilika, picha iliyofika mkononi mwa mteja au ripoti iliyofika mezani kwa aliyeiagiza, imetugharimu kiasi gani tukiwa hapa Morogoro? Hoja yangu ni kwamba katika mji huu na katika milima ya Uluguru inayouangalia, kazi nyingi hazikwamishwi na udogo wa kamera wala na uzee wa kompyuta. Zinakwamishwa na unyevu, na umeme, na faili lililohifadhiwa mahali pamoja tu. Hata hivyo bajeti za studio ndogo hupangwa kichwa chini miguu juu: karibu fedha yote huishia kwenye bodi ya kamera, kisha makombo ndiyo yanunue vitu ambavyo kazi nzima inavitegemea.

Tuanze na mlima wenyewe, kwa sababu ndiye mteja mkali kuliko wote. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, na kilele cha Lupanga, kinachoonekana kutoka karibu kila mtaa, kina mita 2,138. Miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na sehemu zake za juu zinaweza kupata mvua ya milimita 3,000 kwa mwaka. Upande wa magharibi, kule Mgeta, hali ni kavu zaidi. Tofauti hii inagusa mfuko wa mpiga picha moja kwa moja. Hewa ikikaa na unyevu wa asilimia 70 au zaidi kwa muda mrefu, ukungu huota ndani ya lenzi, hasa lenzi iliyofungiwa gizani kwenye mkoba wa ngozi. Ukungu huo hutanda kama nyuzi, hupunguza ukali wa picha, na ukiachwa hula tabaka la kinga la kioo. Ukifika hapo, hata fundi hodari atasafisha kioo lakini hatarudisha kilicholiwa. Kinga yake ni kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana, vipakiti vya silika vinavyokaushwa mara kwa mara, na kipima unyevu kidogo. Kwa gharama, hivi vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo mno ya bei ya lenzi inayolindwa, na bado ndivyo vinavyoachwa kwanza fedha zikipungua. Kwangu mimi huo si ubanaji wa matumizi. Ni kuweka rehani lenzi nzima ili kuokoa bei ya kasha.

Jambo la pili la mlima ni giza. Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, ni mzito, na mchana wake hauna mwanga wa mchana wa mjini. Ukumbi wa harusi wakati wa usiku unakaribiana nao. Wengi hujibu giza kwa kutafuta bodi mpya zaidi, ilhali jibu la bei nafuu liko kwenye lenzi. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa katika kila kampuni, hupitisha mwanga karibu mara kumi ya ule unaopitishwa na lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera ikiwa imefika f/5.6. Hakuna bodi ya kizazi kipya inayokupa ongezo kama hilo kwa fedha ile ile. Nakubali mpaka wa hoja hii: anayemfuata yule mbwigu wa Uluguru, ndege asiyepatikana kwingine duniani na anayeishi juu kwenye matawi, lenzi ya milimita 50 haitamsaidia. Huyo anahitaji lenzi ndefu, na lenzi ndefu ni ghali. Lakini wanaofanya kazi hiyo ni wachache. Wengi wetu hapa tunapiga mahafali, harusi, send-off, mashamba ya miradi na picha za pasipoti.

Kuhusu ubora wa picha zenyewe, hesabu ni nyepesi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye nukta 6,000 kwa 4,000. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa kila inchi, kiwango cha uchapaji mzuri, unapata picha ya sentimita 50 kwa 33, kubwa kuliko kurasa za albamu nyingi. Nikon D750 ya mwaka 2014 ilikuwa na megapikseli hizo tayari. Ukiipambanisha na Canon EOS RP ya mwaka 2019, isiyo na kioo cha ndani, utaona namna vifaa vinavyobadilishana faida. RP pamoja na betri ina gramu 485, na D750 ina gramu 840. Anayepanda mlima kwa miguu kutoka Morningside kuelekea juu atausikia uzito huo begani. Lakini kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera wa Japani, D750 hupiga picha 1,230 kwa betri moja, na RP hupiga 250 hivi. Idadi halisi hutegemea matumizi, ila pengo ni kubwa. Kijijini ambako huna hakika ya kuchaji, RP inakudai betri nne au tano, na bei ya betri hizo lazima ihesabiwe ndani ya bei ya kamera tangu siku ya kwanza.

Hapo tunaingia kwenye umeme. Kuna wanaosema suala hili limekwisha, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, na ule mgao wa mwishoni mwa 2023 umepita. Nashukuru kwa hilo kama Mtanzania. Lakini kuzalisha ni jambo moja, na kufikisha ni jingine: nguzo ikianguka kwa mvua au transfoma ikiungua, studio inazimika hata kama bwawa limejaa. Kwa sababu hiyo natetea kompyuta mpakato dhidi ya ile ya mezani, ingawa kwa fedha ile ile ya mezani huwa na nguvu zaidi. Laptopu yenye betri nzima ya watisaa 50, ikitumia wati 15 hadi 20, hukupa saa mbili na nusu au tatu za kumalizia kazi. Kompyuta ya mezani yenye UPS ndogo hukupa dakika chache za kuokoa faili na kuzima.

Katika kuchagua laptopu, mtumba wa ofisi za Ulaya na Ghuba, zile ThinkPad, Latitude na EliteBook, ni chaguo la heshima, mradi mnunuzi ajue anachokagua. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa nyingi za Intel inataka kizazi cha nane kwenda mbele. Laptopu ya kizazi cha sita inayouzwa kwa punguzo kubwa inapunguzwa bei kwa sababu hiyo. Asiye na fedha ya zaidi anaweza kuiwekea Linux na kuhariri kwa darktable, programu isiyolipiwa, badala ya Lightroom inayolipiwa kila mwezi. Ni lazima pia kuuliza kama RAM inabadilishika au imechomelewa kwenye ubao mama wa kompyuta. Kuongeza RAM na kuweka SSD mahali pa diski ya zamani huipa mashine miaka mingine kwa gharama ndogo, lakini RAM ikiwa imechomelewa, mlango wa kuiongeza umefungwa tangu kiwandani.

Uhifadhi ndipo ninapoona uzembe mkubwa kuliko wote. Harusi moja yenye picha 2,000 za faili ghafi, kila moja megabaiti 28, inachukua gigabaiti 56. Diski ya terabaiti moja hubeba harusi 17 za namna hiyo. Ukitaka kuzipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, harusi moja itakula zaidi ya saa 12, mbali na bei ya bando. Kwa hiyo kwa studio ya hapa, jibu la vitendo ni diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na mtandaoni zipelekwe zile tu zilizochaguliwa na kuhaririwa. Kamera ikiharibika unaazima. Picha za ndoa ya watu zikipotea hakuna wa kukuazima.

Historia ya nchi yetu ina funzo la karibu. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini. Mpango uliofuata wa kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta ulikwama na kuleta hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku iliyokuja kulegezwa polepole baadaye. Naiona marufuku ile kuwa hukumu iliyomwangukia asiyehusika. Mashine ilikuwa imenunuliwa kabla ya kuwepo watu wa kutosha wa kuiendesha na kuitengeneza, na huo ndio mpangilio tunaourudia leo katika studio zetu kwa kiwango kidogo.

Najua pingamizi litakalotolewa: mteja hutazama kamera kabla ya kutazama picha, na kamera kubwa mpya huleta kazi. Ni kweli kwa kazi ya kwanza. Kazi ya pili huletwa na albamu iliyofika kwa wakati. Wengine watasema cha rahisi ni ghali, na mtumba utakufia njiani. Unaweza kufa, lakini bodi iliyouzwa kwa wingi ina vipuri na mafundi Kariakoo, na tangu Juni 2024 treni ya umeme imeifanya Dar es Salaam kuwa chini ya saa mbili kutoka hapa, hivyo kamera inaweza kwenda kwa fundi asubuhi na mwenyewe akarudi jioni. Mtindo mpya usio na kipuri nchini hauna njia hiyo, hata ukiwa na dhamana ya ng'ambo. Wapo pia watakaosema simu inatosha. Kwa ripoti ya bwana shamba na kwa mitandao ya kijamii, inatosha kabisa, na sioni sababu ya kumshauri mtu huyo anunue kamera. Fedha yake aiweke kwenye pawabenki na hifadhi. Kwa ukumbi wenye mwanga hafifu na picha ya kutundikwa ukutani, haitoshi bado.

Pendekezo ninaloliweka mbele yenu, basi, ni kwamba anayeanza na kiasi chochote kile, tuseme shilingi milioni tatu, atenge kwanza nusu isiyogusa kamera: laptopu, diski mbili, betri za akiba na kasha la kuzuia unyevu. Nusu inayobaki inunue lenzi kwanza, kisha bodi inayotoshea kwa kilichosalia.