Maneno ya Luofu: mbele ya kugeuza video kuwa GIF



Leo nakuja na video ya sekunde 48. Wengi muliisha kuona kipande chake: moto yenye mizigo ya maharagi inateleza kwenye matope, motari anaanguka, anasimama, anaanguka tena. Inajirudilia bila mwisho. Watu wa mujini walicheka sana. Na mimi nilicheka, sitawadanganya.

Sasa, kile kipande ni GIF. Kwenye video nzima, kisha kuanguka, yule motari anageuka na kusema hesabu yake kwa Kinande: alilipa ngapi kwa kizuizi cha kwanza, ngapi kwa cha pili, ju ya barabara yenye hakuna mutu anaitengeneza. Habari ilikuwa pale. GIF haibebi sauti. Alibakia tu mutu wa kuanguka.

Sisemi muache GIF. Inajicheza yenyewe, mutu anaielewa hata akiwa sokoni kwenye makelele. Ni kitu cha zamani: kampuni ya Marekani, CompuServe, iliitoa mwaka 1987, na kila picha ndani yake inabeba rangi 256 tu. Na inaweza kuwa nzito kuliko video yenyewe, mega zako zinaisha bule. Sekunde 6 kwa picha 30 kila sekunde ni picha 180. Punguza mpaka 10 kwa sekunde, unabakia na 60. Upana wa pikseli 320 unatosha kwa telefone. Mwenye ordinatere atumie ffmpeg: ni ya bule, inatumika bila intaneti.

Kwenye WhatsApp ni rahisi zaidi. Chagua video, kata mwanzo na mwisho mpaka ibakie sekunde 6 ao chini, kisha gusa neno GIF. (Kusema kweli ile si GIF kabisa, ni video fupi yenye kutolewa sauti. Ndio maana ni nyepesi.)

Lakini mbele ya kugeuza, funika uso na namba ya moto. Video mutu anaiona mara moja, anapita. GIF inarudilia uso wako mpaka kila mutu anaushika, hata yule wa kwenye kizuizi.

Na ile video ya kwanza musiifute. Mukitumiana, mutume kama dokima, ndio inafika jinsi iko. Hapa Luofu, mwezi wa 4 mwaka 2009, zaidi ya nyumba 200 zilichomwa na moto. Wazazi wetu walibakia na kinywa tu cha kushuhudia. Sisi tuko na telefone, na tunafuta ju eti nafasi imejaa.

Ya sekunde 48, mwenye aliigeuza alikuwa ameisha kuifuta. Tuliipata kwa dada ya motari. Motari mwenyewe ameitika tuirudilie: sekunde 6, uso umefunikwa, na hesabu yake imeandikwa juu ya picha, kwa sababu sauti haitakuwapo. Tunaifanya kesho saa nane. Mulete chaja.